Mlango Usio na Nyumba

Ujerumani,
Jumamosi, mwezi wa kumi na moja.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla sijashika kalamu nimechuchumaa hapa jikoni, nimekusanya viganja na kukupigia makofi polepole kama ulivyotulea, nikielekea upande ambao nadhani ndiko Ihanda iliko. Huenda nimeelekea Urusi, sijui, maana jua la huku halitoki kwa wakati likamwonyesha mtu mashariki. Wewe pokea hivyo hivyo. Na nikikuuliza hali niambie ukweli, usinijibu "wazima" kama unavyomjibu mchungaji. Goti la kushoto linasemaje? Kile kikohozi cha mwezi wa saba kiliisha? Kahawa yote imeshatoka kwenye vichanja? Mvua imeshagonga bati, au bado mnatazama mawingu ya upande wa Ileje na kuyasema vibaya?

Wifi Mawazo, najua ni wewe unayesoma. Asante sana wifi yangu. Soma polepole, usiruke mistari, na pale nitakapomsema mumeo usipunguze sauti.

Sisi huku hatujambo. Mimi bado niko kwenye ile nyumba ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza wakinisimulia vita kwa lugha ambayo naielewa nusu, na ile nusu nyingine naitikia kwa kichwa. Mjukuu wako Sekela amenenepa mashavu. Viazi vya huku anavipenda, ila ugali wangu anaukataa, na simlaumu, unga wenyewe si unga. Baridi imeanza. Si ile ya kwetu ya mwezi wa sita, ya kuota moto wa magunzi umejifunika kitenge hadi masikioni, mnacheka, mtu anaifurahia. Hii haina hata harufu ya moshi.

Juzi nilipita kwenye duka wanalokaanga kahawa, miguu ikagoma. Nikasimama mlangoni nikiwa naona uwanja wetu wote: mashine ya kukobolea, maji mekundu yakitiririka kwenda mgombani, rundo la maganda nyuma yake likitoa ule uvundo mtamu ambao tulipokuwa wadogo tulisema unanuka, na wewe umeinama kwenye vichanja unachambua punje mbovu bila kutazama, unazijua kwa vidole. Mwenye duka akaja kuniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu. Ukweli nilitaka kwenda nyumbani.

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Ni kwamba kuna jambo la Sekela linakuhitaji wewe, na wewe peke yako, na haliwezi kupita kwenye simu ya kaka Osia. Kaka namjua. Umweleze habari kwa kirefu, atakufikishia neno moja: "Wazima." Sasa kuna mgeni wa kanisa anasafiri kuja Mbozi Mission wiki ijayo, ameniahidi barua hii itafika Ihanda kabla hajafungua begi lake. Ndiyo maana naandika haraka, na mwandiko wifi anisamehe.

Nianzie siku tuliyoondoka. Ulikataa kutusindikiza zaidi ya kile kichanja cha mwisho. Ulisimama pale, mikono imejaa kahawa, ukaniambia, "Enesi, mimi sikukatazi, mtoto ni wako. Ila kama huko hakuna wa kumwitikia, mrudishe." Nilikasirika, Mama, nikaona kama unanichukulia mtoto wangu mbele ya gari. Safari nzima mpaka Songwe sikusema na Osia neno la maana.

Lakini nilijua ulichomaanisha. Nakumbuka Sekela alivyokuwa kabla hujamfundisha. Alikuwa anatimiza miaka minne, hasemi, daktari wa Mbeya ameshatuambia ni usonji na tusitegemee maneno. Baba yake ameshavuka Tunduma kwenda Nakonde kutafuta mahindi, na nadhani mpaka leo anayatafuta. Mtoto akawa anaingia nyumba za watu moja kwa moja kama kuku, anafunua vyungu, analala kwenye kitanda atakachokikuta. Ukimshika anajipiga kichwa chini. Ile alama ya kwenye paji la uso aliipata sokoni Tunduma, mpagazi mmoja alimnyanyua kumpisha mkokoteni, basi tukamaliza siku zahanati. Jirani yetu alisema hadharani kwamba mtoto wa hivi anafungwa kamba.

Hukugombana naye. Mimi ndiye niliyegombana naye, wewe ulimshika Sekela mkono asubuhi yake, mkaenda mpaka pembeni ya uwanja wa huyo huyo jirani. Ukachuchumaa, ukamchuchumaza naye, ukakusanya viganja vyake ndani ya vyako, mkapiga. Pa. Pa. Pa. Mkangoja. Hakuitikia mtu, mkaondoka, mkaenda nyumba ya pili. Kila asubuhi hivyo. Mwenye nyumba akiitikia kwa makofi kutoka ndani, mnanyanyuka mnaingia. Asipoitikia, hamwingii. Nilipoondoka kuja huku mlikuwa bado mnazunguka, na wengine wanawacheka. Niliporudi kumchukua nikakuta Ihanda nzima inamwitikia. Mwenye duka la barabarani aliacha mizani akachuchumaa nyuma ya meza, tukawa hatumwoni, tunasikia makofi tu. Na yule jirani wa kamba ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Halafu ulimwekea ile sheria yako: uliyekuja naye hawezi kukuitikia, anayeitikia ni mwenye nyumba. Nilijaribu kuivunja mara moja tulipokwenda kwa shangazi na shangazi alikuwa bondeni. Nikajipitisha mbele, nikapiga makofi ili tuingie tukae. Sekela alinitazama kama nimeiba. Tulikaa nje na jua lote lile mpaka shangazi akarudi na kuni zake.

Sasa, uwanja wa ndege. Mimi nilijua kazi itakuwa mizigo na kelele za injini. Nilimnunulia vile vya kuziba masikio, nikamwekea kile kitenge chako juu kabisa ya begi. Sikufikiria mlango. Pale Songwe, uwanja ule mpya, wanakuambia vua viatu, tua mzigo wako, kisha upite kwenye fremu moja hivi, mlango mtupu uliosimama peke yake katikati ya chumba, hauna nyumba mbele wala nyuma. Fikiria kwa akili ya Sekela. Umevua viatu. Umetua mzigo. Mbele yako mlango, na ng'ambo yake watu wamesimama wanakutazama. Hapo ni wapi kama si kwa watu? Akachuchumaa, akapiga makofi.

Mkaguzi wa pale alikuwa dada mmoja mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Akashika kiuno. "Heee! Mtoto ana adabu huyu. Wa wapi?"

"Ihanda," nikasema.

"Mimi wa Itumba. Ngoja nimwitikie, asije akasema watu wa Ileje hatukufunzwa." Akashuka chini na kofia yake, akapiga. "Haya karibu mama, pita, pita tu."

Sekela akapita kama bibi harusi. Nikamtazama Osia kule nyuma ya kioo, anapunga mkono na kufuta macho kwa wakati mmoja, nikajiambia kumbe safari yenyewe ndiyo hii. Tulipofika Dar alikuwa amelala fofofo mgongoni kwangu, mkubwa vile, wakatukagua hivyo hivyo kwa kile kifaa cha mkononi bila kumwamsha. Nikazidi kujisifu.

Basi tukafika uwanja wa kubadilishia ndege. Jina lake siliandiki, kwanza sitaki kuusema vibaya mji wa watu, pili kulitamka sijui. Unaikumbuka foleni ya malori pale Tunduma, madereva mpaka wanasonga ugali chini ya tela? Ondoa malori, weka watu. Halafu ondoa na ugali. Tulisogea, tukasogea, tukafika mbele. Sekela akavua viatu, akavipanga pamoja pua zikitazama nje, kama ulivyomwonyesha. Kitenge chako nikakiweka kwenye sinia la plastiki, kikaingia kwenye lile pango la mashine, akakisindikiza kwa macho bila kulia. Nikaona mambo ni mazuri. Akafika kwenye fremu, akachuchumaa, akapiga makofi.

Kijana aliyesimama ng'ambo akamwita kwa kidole. Kidole kimoja, Mama, hivi, ambavyo kwetu hata mbwa humwiti. Sekela akakitazama kile kidole, akapiga tena, akangoja. Watu nyuma yetu wakaanza kupumua kwa nguvu. Kijana akaniambia mimi nitangulie, mtoto atafuata. Nikapita. Nikageuka nimshike mkono, nikaambiwa hapana, ukishapita hurudi. Nikamwambia ni mtoto wangu. Akaniambia ndiyo, lakini hurudi.

Hapo ndipo moyo ulinitoka. Mimi niko huku, mtoto yuko kule, na katikati kuna mlango usio na nyumba. Nikachuchumaa pale pale, nikamwitikia kwa makofi, nikasema njoo mama, njoo. Akanitazama. Unajua alivyonitazama. Sheria yako ilifika mpaka kule.

Wakakusanyika wengine. Ana nini mwilini? Mbona anajikunja? Kumbe kwao mtu akichuchumaa mbele ya mashine huwa anaficha kitu. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba hafichi kitu, anabisha hodi. Wakatazamana. Anabisha hodi wapi, na hakuna nyumba? Nikasema hajui kusema, hii ndiyo sauti yake. Kijana akavuta glavu zake vizuri, akasogea amnyanyue amvushe. Nikaiona Tunduma, nikaiona damu ya paji la uso. Akijipiga chini pale, hakuna wa kutupandisha ndege, na kwenye kipaza sauti ndege yetu ilikuwa imeshaanza kuitwa. Kinyiha chote kikanitoka. Sijui alichoelewa, ila mikono aliirudisha haraka.

"Nani mwenye mlango huu?" nikauliza.

Kijana akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akamwonyesha mkubwa wao mwenye redio. Mkubwa akaja, mrefu, mwenye haraka, nikamweleza: mtoto anaomba kuingia kwako, wewe chuchumaa umwitikie, atapita, yamekwisha. Akasema hawana utaratibu huo. Nikamwambia sisi tunao. Mama, usinigombeze, najua nilikuwa ugenini.

Kulikuwa na mama mmoja anayekagua wanawake, mnene, nywele zimeshaingia mvi, muda wote amesimama pembeni hasemi. Akanisogelea. "Akishajibiwa anafanya nini?"

"Anaingia."

"Basi?"

"Basi."

Akageuka, akapiga makofi. Lakini alipiga amesimama, kwa nguvu, haraka haraka, kama anamshangilia mwimbaji. Na wale watu wa foleni, waliokuwa wananuna, wakadhani mtoto anatiwa moyo, nao wakapiga! Ukumbi mzima, Mama. Mmoja akapiga na mluzi. Sekela akaziba masikio, midomo ikaanza kutetemeka, ile ambayo ikianza tunajua tunakwenda wapi. Nikatamani kucheka, nikatamani kulia. Nikapiga kelele, "Nyamazeni!" kwa ile sauti ya kufukuzia nyani kwenye mahindi. Kiswahili hawakijui lakini walinyamaza, mpaka yule mwenye redio.

Nikamwonyesha yule mama. Vua glavu, plastiki inakula sauti. Kunja viganja viwe na tumbo ndani. Shuka chini kabisa. Polepole. Akavua glavu, akashuka, magoti yakalia kwa zamu, akasema kitu kwa lugha yake ambacho nadhani hakikuwa sala. Akapiga. Pa. Pa. Pa.

Sekela akatoa mikono masikioni. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikia yako kutoka jikoni. Akanyanyuka, akapita. Na mlango ukalia!

Taa nyekundu, mkubwa wa redio huyo, kijana huyo. Yule mama akawanyooshea kiganja bila kuwatazama, bado yuko chini. Akamfungulia Sekela mikono. Na Sekela, ambaye kwa mpagazi alijipasua uso, akanyoosha mikono yake pande zote mbili, akakaguliwa kimya kama mtoto anayepimiwa gauni. Alikuwa ameshakaribishwa, angeogopa nini? Yule mama akapapasa pindo, mkono ukakwama mahali, akageuza nguo ndani. Pini. Pini imeshikiza kipande kidogo cha kitenge chako, kile cha kijani cha kushindia.

Mama, ulijua. Usiniambie hukujua. Kitenge chako kizima tayari kiko kwenye begi, halafu ukaona haitoshi, ukakata na pindo la unachovaa.

Yule mama akakishika kile kitambaa kwa vidole viwili, akaniuliza ni nini. Nikasema ni cha bibi yake. Akakitazama kidogo, akafunga pini pale pale ilipokuwa, akalainisha pindo. Sikumuuliza jina lake, na sasa najuta. Tukakimbia, viatu mkononi, tukawa wa mwisho kuingia.

Wiki za kwanza huku nilikuwa nasimama na Sekela kwenye kila mlango. Wa basi, wa duka la mikate, wa lifti. Lifti ilitusumbua kwa sababu haina mwenyewe, tukawa tunapanda ngazi. Ila watu walijifunza. Mzee wa chini yetu, ambaye hajawahi kunisalimia mimi, sasa anaitikia makofi kutoka ndani hata kabla hajafungua. Na kwenye shule yake, shule ya watoto wenye mahitaji kama yake, mwalimu aliniuliza vizuri, nikamwonyesha, siku iliyofuata nakuta darasa zima limechuchumaa linamngoja. Yuko mmoja wa kiti cha magurudumu, yeye anainamisha kichwa na kupiga mapajani. Nikajiambia Mama alikosea. Wa kumwitikia wapo.

Halafu ikaja Jumapili ile uliyopiga simu. Sikuwahi kumsikilizisha Sekela sauti yako, kwa sababu simu ikigusa sikio lake anaitupa. Siku hiyo nikabonyeza ile sauti kubwa, nikaiweka mezani. Ukasema, "Enesi, mmeamkaje huko?" Sekela alikuwa anakula. Akaweka kijiko. Akazunguka meza, akaitazama simu, akatazama nyuma ya simu. Akachuchumaa, akakusanya viganja, akapiga makofi. Sijawahi kumwona anapiga vizuri namna ile.

Na wewe ukasema, "Halo? Halo? Osia, njoo uone simu yako, inagonga hii, inafanya pa pa pa, mtandao wa huko umeharibika!" Napiga kelele, Mama subiri, ni Sekela, lakini wewe na Osia mlikuwa mmeshaanza kubishana kuhusu mtandao, na Osia, wifi soma hapa kwa sauti, Osia akasema, "Tutapiga tukipanda mlimani," akakata. Nikipiga mimi, hampatikani. Mpaka leo sijui kama mlipanda mlimani.

Sekela hakunyanyuka. Aliendelea kungoja pale chini mbele ya simu iliyozimika, kama mlivyongoja kwa yule jirani. Kila nikimgusa anapiga tena. Alikaa mpaka miguu ikamfa ganzi, nikambeba.

Tangu siku hiyo hapigi makofi. Anapita milango kichwa chini, wa basi, wa duka, wa darasa, anaingia tu. Mzee wa chini anapiga mwenyewe kutoka ndani, hapati jibu. Na unajua mwalimu aliniambia nini? Alinipongeza. Alisema anapiga hatua, sasa anaingia kama watoto wengine. Nikasema asante, nikaenda kulia chooni. Mimi namjua mtoto wangu, hiyo si hatua. Ameacha kubisha kwa sababu nyumba aliyoitaka kuliko zote ilinyamaza.

Nisikufiche, imeniuma. Watu wasiotujua hata kwa jina walikunja magoti yao mabovu wakamwitikia, na wewe uliyemfundisha hukumwitikia. Si kosa lako, ulidhani ni mtandao, hata mimi ningedhani. Lakini maneno yako ya pale kwenye kichanja yananirudia kila ninapomwona anaingia kichwa chini. Nimeshafikiria kumrudisha. Sitaki, Mama, kazi yake yote ya shule iko huku na mimi bila yeye nyumba hii ni makabati tu. Lakini nimefikiria, na kama ombi langu hili halitasaidia, nitamleta.

Salamu naziweka hapa, kwa sababu nikishaandika ombi sitaweza kuandika kingine. Nisalimie shangazi, mwambie kuni zake nazikumbuka. Msalimie mwenye duka na mizani yake. Yule jirani wa kamba msalimie kwa heshima, mwambie Sekela amekua. Wifi Mawazo, wewe na watoto nawabusu wote. Osia msalimieni pia, ni kaka yangu, nitafanyaje.

Sasa sikiliza. Jumapili ya kwanza baada ya barua hii kufika, mkitoka kanisani, nendeni kwenye kichanja cha mwisho, pale simu inaposhika vizuri. Wifi abonyeze sauti kubwa, na Osia apewe kazi nyingine mbali. Nitapiga mimi, mgeni atanijulisha siku aliyoifikisha barua. Nikipiga sitasema kitu, na wewe usiseme halo, usiniite, usiulize tumeamkaje. Sekela hatakupigia makofi, ameacha. Kwa hiyo safari hii wewe ndiwe mgeni. Umesafiri kutoka Ihanda mpaka huku, umefika mlangoni kwetu, na mwenye nyumba ni yeye. Kunja viganja, piga polepole, kisha ungoje. Goti likikataa, kalia ndoo, hakuoni. Ila ukiweza kuchuchumaa, chuchumaa, maana nadhani atajua.

Patakuwa kimya. Huenda pakawa kimya kirefu, na upepo wa kwenye vichanja utakudanganya kwamba simu imekatika. Usikate. Piga tena, ungoje tena, kama ulivyomfundisha kungoja. Na ukisikia simu imeanza kugonga, pa, pa, pa, usimwite Osia. Mtandao ni mzima. Umekaribishwa, Mama. Ingia.

Mwanao,
Enesi, mama yake Sekela.